Hivi nchi tajiri kabisa inawezaje kumwachia mwenzake kazi ya kuilinda?

mpenda_ramani:

Wakuu salama? Kuna kitu kinanitatiza siku nyingi, kila nikisoma habari za NATO naishia kuchanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Hii jumuiya ya ulinzi ya Marekani na wenzake ilianza 1949 na nchi 12, leo ziko 32, na humo ndani kuna nchi zina hela haswa, Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Italia, Uholanzi, wote hao. Ukizikusanya nchi za Ulaya peke yake watu wao wanaipita Marekani na wanaipita Urusi mara kadhaa, uchumi wao kwa Urusi ndo usiseme. Lakini Trump akifungua mdomo tu, vikao vya dharura. Februari 2024 alisema jukwaani kwamba nchi isiyotoa hela ya kutosha hataikingia kifua, tena Warusi atawaambia wafanye watakavyo, basi Ulaya nzima ikakosa usingizi.

Sasa mi nauliza, kwani ule mkataba haumbani Marekani? Na kama haumbani, inakuwaje watu wazima wenye akili zao wanaweka usalama wa watoto wao kwenye uchaguzi wa nchi ya watu wengine kila baada ya miaka minne? Au walikuwa wanacheza akili, kwamba huyu bwana mkubwa atulinde, hela zetu sisi tupeleke hospitali na pensheni? Naomba hoja tu, timu Putin na timu Marekani leo mpumzike kidogo.

Bin Hoja:

Mkuu swali zuri. Nianze na mkataba maana wengi wanaitaja ibara ya 5 bila kuisoma na ni fupi, dakika mbili umemaliza. Inasema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, hapo ndo watu wanapofunga kitabu. Endelea kidogo: kila nchi itamsaidia aliyeshambuliwa kwa kuchukua hatua itakayoona ni ya lazima, ikiwemo nguvu za kijeshi. Ikiwemo! Maana'ke nchi ikiona hatua ya lazima ni kutuma mablanketi na barua ya pole, kisheria haijavunja kitu. Na haikuandikwa hivyo kwa bahati mbaya, Wamarekani wenyewe 1949 ndo walitaka maneno hayo, kwa sababu kwao mwenye mamlaka ya kutangaza vita ni bunge lao, Congress, na maseneta wasingepitisha mkataba unaowatupa vitani wenyewe wakiwa wamelala.

Alafu kuna ibara ya 6 ambayo hata kwenye mijadala haitajwi. Hiyo inaweka mipaka, Ulaya, Amerika Kaskazini na visiwa vya Atlantiki vilivyo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa. Ndo maana Argentina ilipovamia visiwa vya Waingereza vya Falkland kule kusini mwa Atlantiki 1982, Uingereza haikuwa na ibara ya 5 ya kupiga nayo mezani. Hawaii yenyewe, jimbo la Marekani kabisa, haimo.

Na kituko ni kwamba hiyo ibara ya 5 imetumika mara moja tu toka izaliwe, 12 Septemba 2001, na aliyekingiwa kifua ni mkubwa mwenyewe. Denmark, nchi ya watu milioni 5 na ushee wakati ule, ilipoteza wanajeshi 43 Afghanistan. Denmark hiyohiyo Januari 2025 ikamsikia Trump akikataa kuahidi kwamba hatatumia jeshi kukichukua kisiwa chake cha Greenland. Hilo nawaachia mlitafune.

Kwa hiyo karatasi peke yake haimbani mtu. Kinachobana ni askari waliopo pale pale. Mwishoni mwa miaka ya 50 Marekani ilikuwa na wanajeshi zaidi ya laki 4 Ulaya, wengi Ujerumani Magharibi, wake zao na watoto wao hapohapo. Moscow haikuwa na haja ya kusoma ibara, ilijua ukivuka mpaka lazima uwapige Wamarekani siku ya kwanza, na rais yeyote wa Marekani awe mkali awe mpole hawezi kusimama mbele ya wananchi wake akasema wenzetu wamekufa kule sisi tumeonelea tutume blanketi.

chuma_cha_pua:

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, mada ifungwe 😂

Waulizeni Vietnam Kusini, mkubwa alisaini amani Paris Januari 1973, Aprili 1975 mji wao mkuu Saigon ukaanguka. Waulizeni Kabul 2021, Wamarekani wanaondoka Taliban wanaingia. Taiwan nao walikuwa na mkataba wa ulinzi kabisa, wa 1954, Washington ilipoamua kusuhubiana na Beijing mkataba ukatupwa, kufika 1980 haupo. Mkubwa anaangalia tumbo lake, ukiwa ndani ya tumbo lake sawa, ukiwa nje kazi kwako.

Bi Nahodha:

Ndugu yangu chuma, methali sawa ila Kabul umeisimulia nusu. Lile jeshi la Afghanistan lilifundishwa kupigana Kimarekani, yaani askari wa miguu hasogei bila ndege juu yake, na hizo ndege zinahudumiwa na mafundi wa makampuni ya nje. Walipoanza kuondoka wale mafundi 2021 ndege zikawa zinakaa chini mojamoja, askari aliyezoea ndege anaipigia simu haiji, utampigania nani? Sisemi hakukuwa na ufisadi na mengine, yalikuwepo tele. Ila tofautisha kutegemea msaada na kujengewa jeshi ambalo bila mwenyewe haliwashi.

Na mchezo huu ni wa kale sana. Mwaka 478 kabla ya Kristo miji ya Wagiriki iliungana chini ya Athens kuwazuia Waajemi. Kila mji ulitakiwa kuchangia, ama meli na mabaharia wake ama hela. Unafikiri wengi walichagua nini? Hela. Nani anataka kijana wake akae baharini msimu mzima akipiga makasia, lipa yaishe. Athens ikachukua zile hela ikajengea meli zake yenyewe. Miaka ikapita, Waajemi wamepoa, watu wa kisiwa cha Naxos wakasema jamani sisi tunajitoa. Wakapigwa. Thasos wakajaribu, wakazingirwa miaka miwili na zaidi mpaka wakabomoa kuta zao. Wengi wa waliojaribu kujitoa walikuwa hawana maandalizi wala mazoea ya vita maana kazi hiyo walishamlipa mtu awafanyie, na zile meli zilizokuja kuwapiga zimejengwa kwa michango yao. Mwaka 454 hazina yenyewe ikahamishwa toka kisiwa cha Delos ikapelekwa Athens. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, ameliandika hilo wazi kabisa, kwamba wenyewe ndo walijitakia, kwa uvivu wa kwenda vitani.

Sasa linganisha na Uturuki. 1964 walitaka kuingia Cyprus, rais Johnson wa Marekani akamwandikia waziri mkuu wao İnönü barua kali, kwamba mkifanya jambo likawaletea Wasovieti msidhani wenzenu wa NATO wameshakubali wana wajibu wa kuwalinda. Mwanachama kamili huyo! Wakanywea. 1974 wakaingia kweli Cyprus, Congress ikawafungia silaha kuanzia 1975 mpaka 1978. Mwaka huohuo 1975 wakaanzisha kampuni yao ya vifaa vya kielektroniki vya jeshi, Aselsan. Zile droni zao zinazouzwa kila kona leo hazikutoka hewani, zilitoka kwenye nchi iliyoonjeshwa kunyimwa. Na angalia, hawakutoka NATO, wamo mpaka leo, ila wakipigiwa simu na Washington siku hizi wanajibu wakiwa wamekaa.

mpenda_ramani:

Dada Nahodha hapo kwa Athens umenimaliza. Sasa Ulaya ya leo ni wale wa hela au wale wa meli? Mana wana vifaru, wana ndege, wana nyambizi, Ufaransa na Uingereza wana nyuklia kabisa. Mi nataka kujua kesho asubuhi Mmarekani akifunga virago wanapungukiwa nini HASA.

fundi_rada:

Naomba nijibu hili maana watu huwa wanahesabu vifaru na ndege wanaona mbona wako vizuri. Kinachokosekana ni vitu ambavyo havipiti kwenye gwaride. Ndege za kujaza mafuta angani, ndege kubwa za kubeba jeshi na mizigo yake mbali, satelaiti za kupeleleza na za kutoa onyo kombora likirushwa, mitambo ya kutungulia makombora ya masafa marefu, na akiba ya risasi na mabomu ya kupigana miezi siyo siku. Ulaya wanavyo vyote hivi, kidogokidogo, vya kuonja. Mmarekani anavyo vya kushiba.

Mfano hai ni Libya 2011. Ufaransa na Uingereza ndo walikuwa mbele kwa mbwembwe, wiki hazijawa nyingi baadhi ya nchi zinaishiwa mabomu ya kulenga na ndege zao zinajazwa mafuta kwa sehemu kubwa na Wamarekani. Juni mwaka huo waziri wa ulinzi wa Marekani Robert Gates akaenda Brussels akawachana bila kupaka mafuta, kwamba jumuiya yenye nguvu kuliko zote duniani iko wiki ya 11 tu dhidi ya utawala wenye silaha duni na tayari mnaishiwa risasi. Huyo hakuwa Trump, alikuwa waziri wa Obama, na kabla ya hapo wa Bush. Kwa hiyo wanaosema haya malalamiko yameanza na Trump hawajafuatilia.

La pili ni ndege yenyewe. Nchi nyingi za Ulaya zimenunua F-35, ndege ya kivita ya Kimarekani. Kuna maneno kwamba Washington kuna kitufe wakikibonyeza zinazima, mi siamini na wala hakihitajiki. Vipuri vinatoka kule, programu inaboreshwa kule, na zile data zinazoiambia ndege hii rada ya adui ni aina gani kwa sehemu kubwa zinategemea kule. Ukikatiwa hivyo ndege inaruka leo, inaruka wiki ijayo, baadae unaanza kuchagua zipi ziruke na zipi zivuliwe vifaa.

Nyuklia ya Uingereza nayo ni hadithi ya kati. Nyambizi zao, vichwa vyao, na amri ya kupiga ni ya waziri mkuu wao peke yake, lakini yale makombora ya Trident wanayachukua kwenye akiba ya pamoja na Wamarekani inayotunzwa Kings Bay, jimbo la Georgia kule Marekani. Ufaransa wao wametengeneza kila kitu, kombora, kichwa, nyambizi, na wamelipa kila senti ya ukaidi huo.

Tulishaonjeshwa inavyokuwa. Machi 2025 Marekani ilisimamisha kuipa Ukraine silaha na taarifa za kijasusi, kwa muda mfupi tu kama wiki hivi. Ukraine si mwanachama, sawa, lakini makao makuu yote ya majeshi Ulaya yalikaa yakafanya hesabu upya, mana silaha unaweza kuagiza kwingine, lile jicho la angani utaagiza wapi kwa wiki moja?

Tena nisisahau, kamanda mkuu wa majeshi ya NATO Ulaya toka Eisenhower 1951 ni Mmarekani, kila mmoja wao. Katibu Mkuu ndo anatoka Ulaya. Kipaza sauti anashika huyu, ramani anashika yule.

babu_wa_kumbukumbu:

Vijana mnajitahidi ila mnaongea kama vile mkubwa alibebeshwa mzigo kwa nguvu. Sio kweli. Mkubwa alikuwa anautaka huu utegemezi na alipoona mtu anataka kujitegemea alikasirika.

Kumbukeni Suez 1956. Rais Nasser wa Misri kataifisha mfereji, Uingereza na Ufaransa wakishirikiana na Israel wakaivamia Misri bila kumuaga Eisenhower, wakati huo rais wa Marekani. Wakadhani rafiki atanuna kidogo kisha atazoea. Eisenhower akaibana pauni ya Kiingereza mpaka London ikaomba poo, majeshi yakarudi. Wote wawili walipigwa kofi lilelile na kila mmoja akaondoka na funzo lake, Mwingereza akasema sitotoka tena bila huyu bwana, Mfaransa akasema sitomtegemea tena. 1960 Wafaransa wakalipua bomu lao la kwanza la nyuklia, kule jangwani Algeria. Rais wao De Gaulle alimuuliza Kennedy waziwazi, hivi kweli uko tayari kuipoteza New York ili kuiokoa Paris? Hakuna rais anaweza kulijibu hilo akaaminika. 1966 akaitoa Ufaransa kwenye kamandi ya pamoja, majeshi ya Marekani yakaambiwa yaondoke, makao makuu ya NATO yakahama toka Paris kwenda Brussels. Ufaransa haikurudi kwenye hiyo kamandi mpaka 2009. Na kwenye mkataba hakutoka hata siku moja, mjue, mzee alikuwa mkaidi sio mjinga.

Korea Kusini nao. Wana mkataba wa 1953. 1971 Nixon akaondoa divisheni nzima, kama askari 20,000, bila Seoul kuridhia. Rais Park akaona isiwe tabu akaanza mpango wa siri wa kutengeneza bomu. Nani aliyemshika mkono? Marekani hiyohiyo. Ukimpunguzia ulinzi asijilinde mwenyewe! Ndipo wakamwaga hela kwenye viwanda, na leo Poland inanunua vifaru na mizinga toka Korea. Ila hata leo vita ikizuka, kamandi ya pamoja ya vita inaongozwa na jenerali wa Marekani.

Tena mnaongelea kuachwa tu, mnasahau kuburuzwa. Anayejibanza kwa mkubwa ana hofu mbili sio moja. Waturuki 1962 walikuwa na makombora ya nyuklia ya Jupiter ya Marekani kwenye ardhi yao, Wasovieti wakaweka ya kwao Cuba, dunia ikabaki kidogo iteketee, mwisho Kennedy akakubali kimyakimya kuyaondoa yale ya Uturuki. Waturuki hawakuulizwa yalipokuwa sababu ya kulipuliwa, hawakuulizwa pia yalipouzwa.

chuma_cha_pua:

Shikamoo babu. Sasa msije mkadhani mi napiga Marekani tu, kwa Warusi ndo kabisaa. Armenia walikuwa kwenye jumuiya ya ulinzi ya Urusi, ile ya CSTO, wana ibara yao inafanana na ya 5 kabisa, na kambi ya Warusi iko ndani ya Armenia pale Gyumri. Kwa hiyo Bin Hoja ile hoja yako ya askari waliopo pale pale inachechemea hapa. Septemba 2022 Azerbaijan wakapiga ndani ya Armenia yenyewe, sio lile eneo wanalogombania la Karabakh, Armenia yenyewe. Wakaomba msaada. Wakaletewa ujumbe wa kuja kutazama hali. Kutazama! Februari 2024 waziri mkuu Pashinyan akatangaza wamesimamisha ushiriki. Alafu jumuiya hiyohiyo Januari 2022 ilipeleka askari Kazakhstan chapchap kumwokoa rais dhidi ya waandamanaji. Kwa hiyo inaweza, inachagua.

Bin Hoja:

Nimekubali kwa sehemu mkuu. Askari wanabana kama mwenye askari anaona aibu kuondoka. Moscow 2022 ilikuwa imezama Ukraine na ilikuwa inaihitaji Azerbaijan, aibu ikakosa nafasi.

Lakini msivuke upande wa pili mkasema basi kila mtu ajilinde peke yake, kuna nchi hesabu zake hazikubali. Estonia, Latvia na Lithuania kwa pamoja watu milioni 6, hawana ndege za kivita, toka 2004 anga lao linalindwa kwa zamu na wenzao. Iceland haina jeshi la kudumu kabisa na ni mwanzilishi wa NATO! Nao 2006 Wamarekani waliwafungia kambi ya Keflavik wenyewe hawataki. Wa hivyo utawaambia nini, wajitegemee kwa lipi?

Ninaowaheshimu ni Finland. Mpaka mrefu na Urusi, zaidi ya kilomita 1,300, na miaka yote ya baada ya vita kuu hawakuwa na mkubwa wa kuwakingia kifua, kwa hiyo hawakuacha kuandikisha vijana jeshini wakati wenzao wanaacha, wakabaki na jeshi la akiba linaloweza kufika askari 280,000 vita ikija. Aprili 2023 wakaingia NATO. Huyo anaingia kama mtu anayeongeza kufuli kwenye mlango ambao tayari una kufuli. Na mkataba wenyewe ibara ya 3, kabla ya hiyo ya 5, inasema kila nchi itunze uwezo wake wa kujilinda. Wengi waliruka moja kwa moja kwenda ya 5.

Sasa hivi wanakimbizana. 2014 waliokuwa wanafika ile asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya ulinzi walikuwa nchi tatu, na Marekani ikiwemo. Juni 2025 pale The Hague wamekubaliana asilimia 5 ifikapo 2035, ingawa 3.5 ndo jeshi lenyewe, 1.5 ni barabara, madaraja, mitandao na vitu vya namna hiyo, na Hispania iligoma hadharani. Ujerumani imebadili katiba yake iweze kukopa kwa ajili ya jeshi na inaweka brigedi ya kudumu Lithuania. Wajerumani, kwa kudumu, mashariki! Babu yangu angesikia angekaa chini.

mpenda_ramani:

Aisee nimeelewa mengi. Limebaki moja. Tuseme 2035 imefika, hela ipo, satelaiti zipo, ndege za mafuta zipo. Nani anashika hiyo ramani anayosema fundi? Mjerumani? Mfaransa? Mpoland atakubali mwanae aamriwe na jenerali wa Kijerumani?

fundi_rada:

Hapo umeshika penyewe mkuu. Vifaa vinanunulika ukiwa na subira, hiyo hainunuliki. Mmarekani yuko mbali ng'ambo ya bahari, hakuwa na ugomvi wa mpaka na yeyote kati yao, ndo maana wote waliweza kumkubali. Wakibaki wenyewe kila mmoja anamjua mwenzie alifanya nini. Na Mfaransa akisema ngao yangu ya nyuklia nitawafunika na nyie, lile swali la De Gaulle linamrudia, Paris kwa Warsaw?

babu_wa_kumbukumbu:

Katibu Mkuu wa kwanza, Lord Ismay, inasemekana ndiye aliyesema NATO ipo ili Warusi wakae nje, Wamarekani wakae ndani na Wajerumani wakae chini. Watu wanacheka wakilisikia ila ile ya tatu ilikuwa kazi kweli. Leo hao waliotakiwa kukaa chini ndo wanaombwa wasimame haraka, na miongoni mwa waombaji ni Wapoland, waliovamiwa na Wajerumani tarehe 1 Septemba 1939, Waingereza na Wafaransa wakatangaza vita tarehe 3 kwa ajili yao na msaada wa maana haukufika. Ukifungua mada ya Poland mwanangu nishtue, hapo nina mengi.